Blanketi na Kibuyu cha Mafuta ya Mkia

"Mbwa! Nyie, yule mwenye manyoya ni mbwa! Siyo kondoo, siyo mzee mwenye ndevu kama Godlisten alivyokuwa anabisha pale mezani. Mbwa kabisa, wa miguu minne, jina lake Blanketi! Na mtoto anayelia kwenye hiyo hadithi ni Bibi! Bibi yetu huyuhuyu aliyeko hapo nje anaanika kahawa! Nimembana mpaka kaniambia karibu yote, nimekimbia kuja huku hata kandambili nimeziacha uani. Sogeeni. Aneth, toka kwenye moshi, njoo ukae hapa. Na mtu asinikatize.

Mmesikia wenyewe asubuhi. Baba Mdogo kaulizwa mbona hajampigia simu Shangazi Elieshi tangu msiba wa mumewe uishe, akajibu, 'Ah, Dada? Yule ni jabali, yuko sawa.' Bibi akaweka kikombe chini. Akasema, 'Hata mwenye manyoya hupakwa mafuta.' Basi, akachukua kikombe tena. Na Baba Mdogo akainuka na simu yake akatoka nje bila kumaliza chai.

Nyie mkacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona aibu, maana mwaka wa pili huu nasomea ualimu wa Kiswahili, nimebeba vitabu vya methali mpaka begi limekatika mkanda, na hiyo sijaikuta popote. Haimo vitabuni kwa sababu ni ya kwetu. Imezaliwa kwenye kihamba hikihiki, shamba letu hili la migomba, na ilizaliwa hivi.

Zamani, kabla mlima haujawa na lango wala vibali, baba yake Bibi, aliyeitwa Kilawe, alikuwa na kazi ya kupima mvua. Msicheke, ni kweli. Serikali ya wakati ule iliweka mikebe kule juu, kwenye uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi. Kila mwezi Kilawe alipanda siku mbili, akafungua mikebe, akachovya kijiti kuona maji yamefika wapi, akaandika kwenye daftari. Kama ni theluji, aliiyeyusha kwanza. Kisha akateremka. Kule juu hakuna mti hata mmoja wa kukuonyesha njia, na ukungu ukishuka huvioni vidole vyako mwenyewe. Kwa hiyo alitembea na mbwa.

Huyo mbwa aliachwa na mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyerudi kwao. Alikuwa na manyoya marefu yanayofagia chini, mengine yamemfunika macho, ukimwita hujui kama anakutazama au amelala. Watoto wa hapa Mwika walikuwa wanabishana kichwa kiko upande gani. Ndiyo maana akaitwa Blanketi. Lakini njia aliijua! Ukungu ushuke usishuke, yeye mbele, Kilawe nyuma yake ameshika kamba, mpaka nyumbani. Na alikuwa mbwa asiyebweka wala kulia. Bibi anasema walidhani labda hana sauti.

Sasa mama yake Bibi. Ndeenengo. Jamani, huyo mwanamke! Alikuwa anashuka porini kule chini kukata majani ya ng'ombe, halafu anapandisha nayo kilima chote hiki kichwani, mzigo mkubwa hivi, ukimwona kwa mbali unaona kichaka kinatembea. Gogo likishinda wanaume, wanaambiana, 'Mwiteni Ndeenengo.' Watu walimpa jina Chuma, na yeye alilipenda.

Nyie mnajua desturi yetu ya mama aliyejifungua. Miezi mitatu yuko ndani, hagusi jembe, hagusi kuni. Analishwa supu na maziwa, anapakwa mafuta ya mkia wa kondoo mpaka anang'aa. Ndeenengo alipomzaa Anaeli, wa kwanza, alikaa hiyo miezi mitatu yote kama malkia. Wa pili, akakaa miwili. Wa tatu, mmoja. Wa nne, hata Bibi hajui kama alikaa. Wa tano ndiye Bibi mwenyewe, na Bibi alipokuwa na siku kumi na mbili tu duniani, mama yake alikuwa kule chini porini na mundu, mtoto mgongoni.

Siyo kwamba mafuta hayakuwepo. Kondoo alichinjwa, mkia ukayeyushwa, kibuyu kikajaa, kikatundikwa pale juu ya jiko. Lakini mama yake Kilawe alikifunga mdomo kwa jani la mgomba na kamba, akasema kisiguswe. Kilikuwa cha Nkasi, mke wa mdogo wake Kilawe, aliyekuwa na mimba ya kwanza.

'Huyu wetu ameshazoea,' alisema. 'Mgeni wa uzazi ndiye wa kupakwa.'

Ndeenengo akachukua mundu wake akashuka porini. Ila maziwa yalikuwa yameanza kukata. Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Ananyonya tena, anaachia, analia. Kila siku kilio kinapungua nguvu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, Bibi kaniambia, mtoto akinyamaza kwa njaa. Ndeenengo alijua kabisa anachokosa. Lakini mtu akishaitwa Chuma miaka kumi, ataanzia wapi kuomba supu?

Ikafika zamu ya Kilawe kupanda. Ilikuwa mwezi wa tano, mlima umefunikwa na theluji mpaka chini kuliko kawaida, mweupe kama shuka. Asubuhi anafunga mzigo, Ndeenengo amekaa jikoni, mtoto kifuani, miguu ya Blanketi mapajani, kisu mkononi. Anamkata mbwa nywele za katikati ya vidole.

'Baba Anaeli,' akasema, 'nywele hizi nimezipunguza, lakini zilizobaki zinataka mafuta. Vidoleni, makwapani, na huku chini tumboni. Theluji inamshika.'

'Nani kakuambia?'

'Miguu yake ndiyo imeniambia. Kila akirudi ana vidonda katikati ya vidole, na manyoya amejing'oa kwa meno. Mwezi ule Anaeli alipommwagia mchuzi wa mafuta mguu huu wa mbele, si ndio mguu pekee uliorudi mzima?'

'Sasa unataka mafuta gani?'

'Ya kibuyu. Kidogo tu, ya kuenea kiganjani.'

Kilawe alicheka mpaka akaweka mzigo chini. 'Mafuta ya uzazi apakwe mbwa! Na huyu? Ana manyoya ya kuvisha kondoo wawili na yakabaki ya kushonea mto! Mke wangu, asiye na manyoya ni mimi.'

Mama yake akadakia kutoka upande wa ng'ombe, 'Akimaliza mbwa ampake na jogoo! Halafu Nkasi wangu ajifungue mkavu!'

Wakacheka wote wawili. Kilawe akatoa kikopo chake cha mafuta ya mbuzi, akajipaka uso, masikio na mikono kama wanavyofanya wapanda mlima, akakirudisha mfukoni.  Ndeenengo akamvuta Blanketi sikio, akamwambia maneno kwa Kichaga. Nimemuuliza Bibi alisema nini. Kakataa kunitafsiria. Kasema nikiolewa nitayajua.

Basi wakapanda. Siku ya tatu alfajiri wakafika kwenye mikebe, theluji kavu kama unga, haishiki popote. Blanketi anaruka ndani yake, anazama, anatokea mbele, Kilawe anacheka peke yake. Akapima, akaandika, akaanza kurudi. Lakini kufika saa sita jua likachungulia kidogo, na ile theluji ikalainika. Ikawa inanata kama ugali mbichi.

Ilianza vidoleni. Vijidonge kama punje za kahawa. Baadaye vikawa kama mayai. Kila hatua inaongeza, theluji inashika theluji, mpaka miguuni na tumboni kote yananing'inia madonge makubwa kama maparachichi, yanagongana akitembea. Blanketi akawa anasimama, anang'ata mguu, anakwenda hatua kumi, anasimama tena. Kilawe hakuangalia. Aliangalia ukungu, maana ulikuwa unashuka.

Ukashuka kweli. Na Blanketi akakaa chini.

'Twende,' Kilawe akasema.

Mbwa hakuinuka.

'Twende, wewe! Leo ndiyo umechagua kuwa mvivu?'

Akavuta kamba. Blanketi akateleza juu ya theluji vilevile amekaa, kama gunia. Kilawe akainama kwa hasira, akashika donge moja la tumboni, akalivuta kwa nguvu litoke. Likatoka, nyie. Likatoka na manyoya, na manyoya yakatoka na ngozi. Damu ikadondoka kwenye ile theluji nyeupe, na Blanketi, mbwa asiye na sauti, akalia. Mara moja tu. Halafu akalamba mkono wa Kilawe.

Mkono uleule!

Aneth usianze kulia, mimi mwenyewe nimeshalia kule uani, zamu yangu imepita.

Kilawe akapiga magoti. Ndipo akampapasa vizuri kwa mara ya kwanza, akakuta hakuna mahali pasipo na donge. Makwapani, vidole vyote, tumbo lote. Akajaribu kumwinua, akamkuta mzito mara mbili ya uzito wake. Kumbe alikuwa amebeba yote hayo tangu saa sita, mbele, akiongoza. Na jinsi manyoya yalivyo marefu ndivyo theluji ilivyopata pa kushika. Mbwa mwenye manyoya mafupi angekwishafika msituni zamani.

Akafungua koti. Akachukua mguu mmoja akauweka kwapani mwake, kwenye ngozi, akaubana hapo mpaka donge likayeyuka na maji ya barafu yakamtiririka ubavuni. Mguu wa pili. Wa tatu. Wa nne. Tumboni akayeyusha kwa viganja na pumzi yake. Hakuvuta tena hata unyoya. Kisha akatoa kile kikopo, akampaka kila katikati ya kidole, taratibu, kama unavyompaka mtoto mchanga. Mafuta yakaisha tumbo halijapata. Basi akajifuta yaliyokuwa usoni mwake, akafuta na ya masikioni, akampaka hayo.

'Nisamehe,' akamwambia.

Bibi anasema baba yake aliwasimulia hiyo habari mara nyingi sana, na kila akifika hapo lazima aanze kutafuta kiko chake, hata kama kiko mdomoni.

Blanketi akasimama. Akajikung'uta. Theluji iliyomrukia ikateleza ikaanguka, haikushika. Akatangulia ndani ya ukungu, na Kilawe akashika kamba.

Kesho yake mchana wakawa wanaingia kijijini, mtu uso umebabuka kwa baridi na jua, mbwa anachechemea. Pale kwenye kona ya njia, chini ya kihamba, Kilawe akaona mzigo wa majani umewekwa chini. Pembeni yake amekaa Ndeenengo. Mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha anausugua. Mtoto yuko mgongoni, analia kale kakilio kadogo kasiko na nguvu.

Kilawe akafungua mdomo kusema, 'Twende, Mama Anaeli, mvua inakuja.' Akalimeza lile 'twende'. Ule ukaaji alikuwa ameuona jana.

Akachuchumaa. 'Umekaa hapa tangu lini?'

'Nimekaa sasa hivi.'

'Mama Anaeli.'

Ndeenengo akatazama chini. 'Tangu ng'ombe wa jirani walipopelekwa mtoni.'

'Hiyo ni asubuhi!'

'Miguu imegoma, baba. Nikisimama naona giza. Na maziwa yamekata, leo siku ya nne, nampa maji ya ndizi. Sikutaka kukuambia unapanda mlima.' Halafu akajaribu kucheka. 'Nipandishie tu mzigo kichwani, nikishakuwa nao nitakwenda.'

Hebu sikieni hiyo. Nipandishie tu mzigo kichwani!

Kilawe alichukua ule mzigo akaubeba mwenyewe. Enzi hizo mwanamume kubeba majani ya ng'ombe kichwani haijawahi kuonekana, na jirani yao, mzee mmoja mwenye mdomo aitwaye Mangasini, akapiga kelele kutoka kwenye migomba yake, 'Kilawe! Umeolewa lini?'

'Leo!' akajibu. Mkono mmoja ameshika mzigo, mwingine amemshika mkewe kiunoni, na Blanketi anachechemea mbele.

Kufika ndani akamkalisha karibu na moto. Akanyoosha mkono, akashusha kibuyu, akakata ile kamba.

Mama yake akatoka mbio. 'Weka chini hicho! Nimesema ni cha Nkasi!'

'Nkasi atachinjiwa wake, Mama. Kondoo wapo.'

'Na huyu wa nini? Mtoto wa tano! Ana nguvu za punda huyu, kijiji kizima kinajua. Mafuta utampaka wapi, hajakauka mahali!'

Kilawe akavuta kigoda, akakaa mbele ya mkewe, akauchukua mguu wake akauweka pajani. Mbele ya mama yake, nyie! Akaugeuza unyayo. Ulikuwa umepasuka mipasuko ya kuingiza punje ya mahindi. Akamwaga mafuta kiganjani, akaanza kupaka.

'Mama,' akasema, hakupaza sauti. 'Asubuhi ile tulicheka hapa, mimi na wewe. Nikasema mbwa ana manyoya mengi. Nimemvuta mpaka ngozi ikatoka, ndipo nikaona kwamba manyoya ndiyo yaliyombebesha. Sitaki kuona mara ya pili nyumbani kwangu. Hata mwenye manyoya hupakwa mafuta.'

Akaendelea kupaka. 

Halafu Ndeenengo, machozi yanamtoka, akauliza, 'Kwa hiyo mimi ndiye mbwa?'

'Wewe ndiye Blanketi.'

'Blanketi ananuka.'

'Hata wewe leo unanuka majani ya ng'ombe.'

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio kikubwa, kilio cha siku zote tangu ajifungue na cha miezi yote aliyonyimwa. Kilawe hakumwambia anyamaze. Alihamia mguu wa pili.

Ndeenengo alikaa ndani miezi mitatu kamili. Kilawe alikata majani mwenyewe, akapika mtori wa ndizi mwenyewe, mara mbili akauunguza. Siku ya tano maziwa yakarudi. Bibi alinyonya mpaka akalewa, anasema yeye, na akawa mtoto mnene kuliko wote wa ukoo, picha ipo sebuleni, mwangalieni yale mashavu. Na Blanketi kila alipopanda mlima alipanda amepakwa kwanza, vidoleni, makwapani na tumboni, na theluji haikumkalisha tena.

Mwanzoni watu waliyasema yale maneno kumcheka Kilawe. Akipita kilabuni wanaume wanaitana, 'Hata mwenye manyoya!' na wengine wanaitikia, 'Hupakwa mafuta!' wanaanguka kwa kicheko. Lakini wake zao walikuwa wanasikia. Mwaka haujaisha, mke wa Mangasini akajifungua wa saba, na Mangasini alipoanza tu kusema huyu ameshazoea, mkewe akamtazama, akayasema polepole, neno kwa neno. Bibi anasema siku ileile Mangasini alionekana anamkimbiza kondoo bondeni.

Hapo maneno yakaacha kuwa mzaha. Maana yake sasa mnaiona wenyewe, wala sihitaji kuwaandikia ubaoni. Yule asiyelalamika, yule mnayesema hachoki, mnayempa mzigo kwa sababu hajawahi kuukataa, huyo ndiye theluji inamshika zaidi, na kwa nje huioni mpaka siku anapokaa chini. Usimngoje akae. Hata mwenye manyoya hupakwa mafuta.

Haya. Mama yake Kilawe yeye alitoka nje jioni ile, akaenda kulala kwa Nkasi. Alirudi siku ya tatu, amesimama mlangoni, jani la sale la kuombea msamaha ameliinua kwa mikono miwili, na Ndeenengo yuko ndani anamtazama, hajasema ingia wala usiingie. Hapo ndipo Bibi amekatiza hadithi. Kasema sauti imemkauka, nikamsaidie kugeuza kahawa, na kesho tukikaa kuichambua atamalizia. Nikishalipata neno la Ndeenengo, nitakuja kuwaambia hapahapa kabla sijala."